Bibi Alisema Mengi

2 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ukiona barua imekunjamana, si mimi. Dereva wa basi la mizigo aliitia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali huku namwangalia, kisha akaikalia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Bibi anaweka spika, na ukiniuliza kitu mbele ya spika nabaki kusema "ndiyo, Mama" kama kasuku. Kwenye karatasi angalau namaliza sentensi.

Tumekwenda hospitali. Ile alama ya Bibi kwenye unyayo wa kulia, anayoiita muhuri wa cherehani, ilianza kumchafulia soksi. Nilidhani ni mafuta ya mashine. Nilipoziloweka, maji yakawa rangi ya kutu. Nikamwambia. Akasema, "Wewe Sindano, tangu lini umekuwa mkaguzi wa soksi za watu?" Lakini kesho yake akavaa viatu vyake vya kutokea bila kuambiwa, nikajua kweli panamuuma.

Daktari wa ngozi ni mgeni. Anakuja mara moja moja, na Kiswahili chake ni "pole" na "vua viatu", basi. Nesi anayemtafsiria yuko likizo ya uzazi. Bibi akanisukuma mbele kama anasukuma kochi: "Huyu hapa, anasoma Kiingereza tangu ana meno ya utoto." Nilitamani sakafu ipasuke nitumbukie.

Lakini nilitafsiri. Bibi alisema mengi, unamjua, nami nikachukua yaliyo muhimu. Daktari alimulika ile alama kwa taa ndogo, akauliza maswali, akaandika dawa ya kupaka na vidonge. Alisema isipopona baada ya wiki mbili turudi. Alinisifu pia kwamba nazungumza vizuri.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Bibi anasema nguo uliyovaa kwenye ile picha uliyotutumia imekubana kwapani, na aliyekushonea arudishe cherehani dukani.

Binti yako,
Sindano


14 Februari

Sindano wangu,

Marahaba, mama. Barua imefika, ina alama ya makalio ya dereva lakini inasomeka.

Nimeisoma jikoni mara mbili, ya kwanza kimya na ya pili kwa sauti, mbele ya mpishi na mlinzi. Mpishi kasema, "Binti yako kamtafsiria daktari bingwa? Huyo atakuwa balozi." Mlinzi sasa ananiita Mama Balozi kila nikipita getini. Sikumkataza. Mwanangu, hujui ninavyojisikia. Wewe uliyekuwa ukijificha nyuma ya pazia wageni wakija, leo umesimama mbele ya daktari ukamsemea bibi yako. Nilipofika hapa nilidhani nimekuacha mdogo mno. Sasa naona nimemwacha mama yangu kwenye mikono mizuri.

Kuhusu mguu, hiyo ni pedali tu. Miaka yote anaikanyaga bila kiatu kwa mguu huohuo. Chukua sponji, ifunge juu ya chuma kwa kitambaa. Doa lenyewe nalikumbuka, lilikuwepo hata kabla sijasafiri, dogo kama kifungo cha shati. Ni alama ya kazi, kama mimi na vidole vyangu vya sabuni.

Mwenye nyumba wangu, huyu mama mzee ninayemtunza, hajambo. Jana alinirushia kijiko, ina maana amepata nguvu.

Mwambie mama nguo hainibani. Nimenenepa.

Mama yako


1 Machi

Mama,

Shikamoo. Tumefunga sponji. Bibi kaifungua. Anasema anakanyaga kama yuko juu ya mkate.

Dawa ya kupaka imekwisha. Alama haijapona. Si kwamba imezidi sana, imezidi kidogo. Bibi anasema kidonda cha unyayo kinachelewa kwa kuwa hakipati kupumzika, na mimi nasema sawa. Nilimwambia daktari kwamba juzijuzi Bibi alikanyaga pini ya kushonea, na kidonda cha pini kinaweza kuchelewa. Sijui. Nadhani kinaweza.

Usimsomee mpishi barua hii, tafadhali.

Kuna jambo dogo la shule. Pale darasani tuna msichana tunamwita Kamusi, kwa sababu anasahihisha matamshi ya kila mtu, hadi ya walimu. Siku ile ya hospitali alikuwa kwenye benchi la nje, mkono umefungwa bendeji, na mlango wa daktari ulikuwa wazi. Sasa kila akinikuta ananiuliza, "Mtafsiri, wembe kwa Kiingereza unaitwaje?" Wenzake wanacheka bila kujua wanachekea nini. Yeye mwenyewe hacheki. Ananitazama tu mpaka nainama.

Bibi amemshonea kofia mpya yule binti wa fundi redio, mwenye ualbino. Ina ukingo mpana kama sinia, na shingoni kaongeza kitambaa. Sare yake pia ina mikono mirefu. Mtoto akasema wenzake watamcheka. Bibi akamwambia, "Wacheke. Ukiivua juani, nakuja shuleni naishonea kichwani hapohapo." Alimshika masikio, akayakagua kwa mwanga wa dirishani, akamwambia baba yake, "Hapa pana kigaga. Kama hakitoki, mpeleke akaonwe, usingoje. Jua linawaletea hawa kansa."

Nilikuwa namtungia uzi. Nikamuuliza, "Na sisi je, Bibi?"

Akacheka. "Sisi? Sisi ngozi yetu imeshonewa bitana, jua halipenyi."

Mama, mtu akitafsiri maneno machache kati ya mengi, huo ni uongo, au ni kufupisha? Nauliza kwa sababu ya mtihani wa muhtasari.

Sindano


12 Machi

Sindano,

Marahaba. Hiyo ya muhtasari waulize walimu wako, mimi niliishia kwenye insha. Nina jambo lingine.

Kuna nesi anakuja kumwona mama mzee. Kila akija anamvua soksi, anaangalia nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, halafu viganja. Juzi nikamtania, "Dada, unatafuta nini huko chini, hazina?" Akaniambia anatafuta doa lililobadilika. Nikacheka, nikamwambia kansa ya ngozi si ya watu wa ngozi nyeusi. Akaweka mguu wa mama mzee chini taratibu, akaniambia kwamba hilohilo ndilo linalotuchelewesha. Jua tunalivumilia zaidi, kweli. Lakini iko aina isiyohusiana na jua, inakaa unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha, mahali ambapo hatujitazami. Doa linakua, linakuwa na rangi zaidi ya moja, kingo zinapinda, au kidonda kinatoka damu na hakifungi. Ukiona hivyo usipake kitu wala usikwangue, unakwenda kuonwa. Likikutwa mapema linakatwa, mtu anarudi kazini kwake.

Nikamweleza habari za mama. Akauliza limeanza lini. Nikasema, binti yangu aliandika kwamba ni pini, juzijuzi tu. Akasema kama daktari ameliona na ameelezwa yote, basi ni vizuri, warudi tu kama alivyosema.

Usiku huo ndipo nikakumbuka. Mimi nililiona lile doa kabla sijasafiri, na nilikuandikia hivyo. Pini ya juzijuzi imetoka wapi?

Wiki mbili za daktari zimeshapita. Mbona hamjarudi?

Nijibu wewe, kwa mkono wako. Sitauliza kwenye spika.

Mama


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimechana karatasi nyingi. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Hakuna pini. Niliitunga mimi.

Nakueleza ilivyokuwa. Chumba kile ni kidogo, kina kitanda cha kupimia, meza na feni inayogonga. Daktari ni kijana, viatu vyake vyeupe havina hata vumbi. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Benchi liko palepale nje, na Kamusi alikuwa amekaa mwisho wake, karibu kiasi kwamba niliona kidole chake cha mguu kikichezacheza.

Bibi akakaa, akavua soksi, harufu ikatoka. Sitaki kuandika harufu ya Bibi lakini ilitoka. Kisha akaanza, kwa ile sauti yake ya kushindana na cherehani:

"Mwambie daktari hivi. Hiki kitu kilianza kama tone la wino, mama yako hajasafiri bado. Kikakua. Kikawa rangi mbili, cheusi na kahawia, na kingo kama kitambaa kilichokatwa na mtoto. Mwaka jana nikakichoka. Nikachukua wembe wangu wa kufumulia, nikakikwangua. Kikatoka damu, nikatia mafuta ya cherehani. Kikarudi. Nikakwangua tena, nikaziba kwa chaki ya kuchorea nguo. Mwambie usiache hata neno. Na mwambie huku juu kwenye kinena pametokea kitu kama kokwa."

Akapandisha gauni amwonyeshe.

Mama, nilishika pindo la gauni nikalivuta chini. Nililivuta kwa nguvu, mbele ya daktari. Nje mtu akakohoa, nikajua kila mtu amesikia wembe, mafuta, chaki, kinena. Nikawaza, huyu daktari atatuona washenzi. Atadhani kwetu tunajitibu kwa vitu vya kutengenezea mashine. Ni kweli tunajitibu hivyo, lakini sikutaka ajue.

Nikasema kwa Kiingereza changu kizuri, "Alikanyaga pini. Mwezi uliopita."

Daktari akasubiri. Akamtazama Bibi, akanitazama. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Na ndipo akanisifu matamshi.

Kokwa sikulitaja kabisa. Neno la kinena kwa Kiingereza nilikuwa nalijua. Tulijifunza sehemu zote za mwili, hilo nalijua hadi herufi zake.

Tulipotoka, Kamusi akanifuata mpaka bombani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona hukusema wembe?" Nikamwambia, "Yanakuhusu?" Tangu hapo ndipo yale maswali yake. Nilijiambia ananionea. Siku hizi naona alikuwa ananipa nafasi, kila mara, na kila mara naiacha.

Wiki mbili zilipokwisha Bibi mwenyewe alisema, "Mke mwenzangu, si tulikuwa turudi?" Nikamwambia daktari hayupo. Sikuwa nimeuliza. Niliogopa kwamba akiuona mguu tena atajua hakuna pini.

Na barua yako ya Mama Balozi niliisoma chooni, nikakaa humo hadi Bibi akagonga.

Uliuliza, nami nimejibu. Sasa alama ni pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Katikati inatoka maji. Bibi anakanyaga pedali kwa kisigino ili asiiguse, na mishono imeanza kwenda upande. Mteja mmoja amerudisha sketi. Bibi hakubisha. Bibi, Mama, hakubisha.

Usinipigie. Nitashindwa kusema.

Sindano


24 Machi

Sindano,

Nimepiga simu, umesikia. Nimemwambia mama arudi hospitali wiki hii na asiulize. Kaniuliza kwa nini nalia, nikasema nina mafua.

Sikumwambia ulichofanya. Hilo ni lako.

Safari hii utasema kila kitu. Wembe, mafuta, chaki, kokwa. Na ukiona aibu, ione ukiwa unasema.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Mama


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Tumerudi.

Njiani nilitaka kumwambia Bibi. Nilianza mara kadhaa. "Bibi, siku ile..." Akasema, "Shika mfuko." Nikashika mfuko.

Mlango ulikuwa wazi vilevile. Benchi limejaa. Kabla Bibi hajakaa nikamuuliza daktari kama tunaweza kufunga. Akasema, "Bila shaka," akausukuma kwa mguu. Ukafungika. Mama, ulikuwa mlango tu, na unafungika. Nilisimama pale nikiutazama mpaka daktari akauliza kama niko sawa.

Nikamwambia siko sawa. Nikamwambia siku ile sikutafsiri. Nilisema yote, moja baada ya jingine, na nilipofika kwenye kinena sauti ikanikatika, nikaanza upya. Daktari hakuandika kwanza. Aliweka kalamu chini akasikiliza. Nilipomaliza akasema, "Ungeniambia wembe siku ile, ningekata kipande siku ileile." Hakusema kwa ukali. Heri angefoka.

Akavaa glovu, akamwomba Bibi ruhusa, akapapasa kinena. Mimi niligeukia ukutani. Kisha akampiga Bibi sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo cha kupeleka maabara, akashona. Bibi akainua mguu akaukagua kama sare ya mteja. "Mwambie mshono wake unabana mno, ngozi itajikunja." Nikatafsiri hivyohivyo. Daktari akacheka, akasema ataongeza mazoezi.

Alituuliza kwa nini tulichelewa. Bibi akasema, "Mwambie tulidhani sisi haitupati. Nina mtoto wa jirani namshonea kofia, namchunga na jua kama yai. Kumbe la kuchungwa nilikuwa nalo mimi, nimelikanyaga." Hilo nalo nikalipeleka lote. Daktari akasema Bibi aendelee na kofia, ile ni kazi nzuri kuliko hata dawa zake, mikono mirefu na kivuli pia. Lakini nyayo zetu tuzitazame sisi wenyewe, na kama mtu hawezi kujiinamia, amwombe mwenzake amtazamie.

Usiku Bibi alinyoosha miguu yote miwili mapajani mwangu. "Haya, mkaguzi wa soksi." Nikaangalia kila kidole. Mguu wa kushoto ni mzima.

Hapo ndipo ningemwambia. Nikamwambia kucha zake zinahitaji kukatwa.

Tunangoja majibu.

Sindano


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako sikuwasomea jikoni. Mlinzi kaniita Mama Balozi, nikamwambia aniite jina langu la kawaida, akadhani nimemkasirikia.

Nami nina langu. Nililiona doa lile. Mama aliniwekea mguu mapajani, kama alivyokuwekea wewe, akaniuliza, "Hiki nini?" Nilikuwa nafunga sanduku. Nikasema, "Kazi hiyo, Mama. Vaa soksi." Nikaendelea kukunja nguo. Halafu nikaja huku, nalipwa kuosha nyayo za mama wa watu na kuzikausha katikati ya vidole.

Kwa hiyo sina pa kusimama nikakunyooshea kidole. Barua yangu ile fupi niliiandika nikiwa nusu nimejikasirikia mwenyewe.

Lakini naona kitu. Daktari umemwambia, kwa Kiingereza. Mimi umeniambia, kwa karatasi. Mama yangu alikuwa amekaa hapo katikati ya mazungumzo, hajui kilichosemwa. Bado hujamwambia yeye, kwa lugha yake, usoni.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Wakinikatalia nitawaambia waoshane wenyewe.

Mama


20 Juni

Kwa binti yangu,

Hujambo? Huyu anayeandika ni Sindano, lakini maneno ni yangu mimi mama yako. Ulipokuja na kuondoka nilikuwa bado naumwa, hatukuongea vizuri. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinirembe. Akipunguza nitajua, na sasa hivi atajua nimejuaje.

Majibu yalipotoka ulikuwepo, uliyasikia. Ni kansa, ile ya unyayo. Wamekata nyama ya kutosha kushonea mfuko, wakatoa ngozi kwenye paja langu wakaweka kiraka. Kiraka kimeshika. Mimi nimetia viraka maisha yangu yote, sikujua kama nitavaa kimoja. Rangi haijafanana lakini siingii mashindano ya urembo.

Ulipoondoka walikuwa wametoa na tezi za kinena, pale penye kokwa, kuzipima. Juzi tukaitwa. Nikamwona daktari anavuta kiti karibu. Mtu akivuta kiti ujue. Akaongea, akaongea, na huyu mtoto wako akasikiliza, rangi ikamtoka. Alipomaliza nikamshika mkono, nikamwambia, "Sindano, safari hii usinipunguzie."

Akaanza kulia. Akasema, "Bibi, unajua?"

Nikamwambia, mke mwenzangu, mimi Kiingereza sijui, lakini urefu naujua. Nimepima watu na vitambaa tangu sijaolewa. Siku ile ya kwanza nilimpa daktari gauni zima, wewe ukampelekea kifungo. Nilisikia. Mdomo ulifunguka ukafumba. Nilijua umeacha mengi nje.

Akaniuliza kwa nini sikusema.

Andika hili, Sindano, na usifute. Nilifurahi. Nikajiambia, kumbe kwa lugha ya madaktari ugonjwa wangu ni mdogo hivyo, unaenea kwenye maneno mawili matatu. Nikauchukua huo mdogo nikaondoka nao nyumbani. Na uliponivuta gauni, nikaona haya, nikawaza kweli, mtu mzima nafunua mapaja mbele ya kijana, mlango wazi. Kokwa nilikuwa nimelificha siku nyingi kabla yako. Siku ile nilijikaza nikalitoa, mkono mmoja ukalirudisha, nami sikulitoa tena. Wewe ulivuta upande wako na mimi nikashika upande wangu. Sasa usibebe gauni lote peke yako.

Hapa kaacha kuandika, kaenda kunawa uso. Amerudi.

Basi akaniambia alichosema daktari, lote, machozi yanadondoka juu ya meza ya watu. Kwenye tezi moja wamekuta chembe za ule ugonjwa. Moja. Nyingine ni safi. Nitaanza matibabu mengine, na nitakuwa nakwenda kupimwa kila baada ya muda, huenda maisha yote. Anasema wako wanaopona kutoka hapo nilipo na wako wasiopona, na yeye hatanidanganya mimi niko kundi gani kwa sababu hajui. Nikamwambia Sindano amuulize kama zile wiki tulizopoteza ndizo zilizoifikisha kwenye tezi. Hakutaka kuuliza. Nikamwambia uliza, ni mimi ninayeuliza. Akauliza.

Daktari akasema huenda ilikuwa imeshafika siku ile ya kwanza, huenda haikuwa. Hakuna anayeweza kujua.

Sindano anasema hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, kwamba hatajua. Nimemwambia hata mimi sitajua, na nimelala usingizi. Hajaniamini. Nimempa muda.

Na ujue shule amekwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, huyu anayejificha kwenye mapazia, akaomba kusema mbele ya wanafunzi wote. Kasema wavue viatu waangalie nyayo zao. Wamecheka wakachoka. Yule mwenzake wanayemwita Kamusi ndiye aliyevua wa kwanza. Jioni walikuja wote wawili, yule mtoto akaniangalia mguu wa kushoto bila kuombwa, akasema matamshi yangu ya jina la ugonjwa siyo. Nimempenda.

Cherehani nakanyaga kwa kushoto. Mishono ya kwanza ilikwenda kama nyoka, sasa inanyooka. Kofia ya binti wa fundi redio nimeimaliza hivyo. Kile kigaga cha sikioni walikwenda kukionyesha, kimetolewa mapema, hajambo.

Wewe nawe jitazame. Kaa kitandani, inua mguu, tumia kioo. Ukiona kitu kimeanza kubadilika usiniandikie mimi, nenda uvue soksi mbele ya daktari useme yote, na mlango ukiwa wazi waambie wafunge.

Nimemwambia Sindano anisomee barua hii kutoka mwanzo. Kasoma yote, na pale kwenye gauni kasoma kwa sauti. Nilikuwa nasikiliza urefu.

Haijapungua.

Mama yako,
kwa mkono wa Sindano